Mkojo ukipungua mlimani, figo zinakufa?

SWALI: Daktari, mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro, njia ya Machame. Siku ya kushukia Mweka mkojo wangu huwa kidogo, wa njano iliyokolea. Wenzangu wanasema figo zinakufa. Magoti yakiuma nameza diklofenaki, naendelea na safari. Nifanyeje? Mgumu, Kibosho.

JIBU: Kwa mkojo huo figo hazifi, zinafanya kazi yake. Kilichonishtua katika barua yako ni vidonge.

Mtu wa Kibosho sina haja ya kumweleza mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji yakizidi shambani, mtu hupanda kuziba mdomo wake kwa mawe na udongo. Yakipungua, hupanda tena kuuzibua. Habari za chini ndizo zinazoamua mlango wa juu. Figo nazo ni hivyohivyo. Kila figo ina machujio yapata milioni moja, na kila chujio lina mshipa wa kuingizia damu na mwingine wa kuitoa. Kinachochujwa hushuka kwenye kijirija, ambacho hupinda kikarudi kugusa mlango wa chujio lake lenyewe. Hapo pana seli zinazoonja chumvi. Maji yakipita kwa kasi, chumvi hufika nyingi, na mshipa wa kuingizia hubanwa. Chumvi ikifika kidogo, mshipa huo hulegezwa. Figo nayo humwaga renini, ambayo matokeo yake ni kubana mshipa wa kutokea, ili msukumo ndani ya chujio usianguke. Hakuna anayepanda kuziba wala kuzibua. Mfongo huu wa figo unajilinda wenyewe.

Kwa siku figo huchuja lita 180, yaani ndoo tisa za lita 20, kisha karibu zote hurudishwa kwenye damu. Lita moja au mbili tu ndizo hutoka. Ukishatoka jasho, tena umehema hewa kavu ya kambi ya Barafu, ubongo huagiza maji mengi zaidi yarudishwe. Mkojo wako unasema una kiu, basi. Kunywa maji.

Sasa hiyo diklofenaki. Mwili ukikauka, mshipa wa kuingizia hubaki wazi kwa msaada wa kemikali ambazo mwili hujitengenezea. Diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzizuia kemikali hizohizo, na ibuprofeni vilevile. Mlango hubanwa saa ileile chujio linapolilia damu. Aliyekunywa maji akashiba anaweza kumeza kidonge asidhurike. Wewe unameza ukiwa umekauka, safari baada ya safari.

Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 uliona ugonjwa sugu wa figo kwa takriban watu wazima 7 katika kila 100, na wengi wao hawakuwa na habari. Nenda ukapime damu na mkojo, na shinikizo la damu pia. Magoti yakiuma tumia parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa. Mkojo ukiwa wa rangi ya kokakola, au ukikatika kabisa, tua mzigo, mwambie kiongozi wa msafara akushushe hospitali siku hiyohiyo.