Somo juu ya Majivuno: George Foreman, Aliyeshindwa Kinshasa



Katika masomo yaliyotangulia mmejifunza mizizi saba ya dhambi, nanyi mwajua ya kuwa majivuno hutajwa kwanza. Wengine wenu wameuliza: sisi watu wa kijiji, wenye jembe na mihogo, tutajivunia nini? Ulizo ni jema. Lakini watazameni vijana wenu. Huandika kwa makaa, mgongoni mwa mashati yao, majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya. Na wakiulizwa wanataka kufanana na nani, hawamtaji babu yao wala mtakatifu msimamizi wao, bali tajiri mmoja waliyemwona katika simu ya jirani. Basi yafaa tujue fedha na sifa humtenda nini mtu wa namna hiyo.

Mchezo wenyewe si dhambi. Ni mapadri Wabenedikto walioanzisha mwaka 1939 huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, timu ya wanafunzi wao ambayo sasa huitwa TP Mazembe. (Herufi hizo mbili ni za maneno ya Kifaransa yenye maana ya Mwenyezi, nayo yaliongezwa baadaye. Mimi naona afadhali jina hilo tumwachie Mungu.) Hata kiwanja kikubwa cha Kinshasa, kilichofunguliwa mwaka 1952, leo chaitwa kwa jina la Tata Raphaël, padri wa shirika la Scheut, aliyewajengea vijana shule na viwanja vya michezo.

Katika kiwanja hicho, tarehe 30 Oktoba 1974, kabla ya mapambazuko, Wamarekani wawili walipigana ngumi: Muhammad Ali na George Foreman. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Watu humkumbuka Ali, aliyeshinda katika raundi ya 8. Somo letu lamhusu yule aliyeanguka.

Foreman alizaliwa mwaka 1949 huko Texas, akakulia mjini Houston katika umaskini mkubwa. Alipokuwa kijana aliwanyang'anya watu mali zao njiani. Kisha akaingia katika mpango wa serikali wa kuwafundisha kazi vijana maskini, na huko akajifunza ngumi. Mwaka 1968 alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico. Mwaka 1973, katika nchi ya Jamaica, alimwangusha bingwa Joe Frazier mara 6 kwa raundi 2 tu, akawa bingwa wa dunia.

Je, ubingwa ulimpa furaha? Siku zile alijulikana kwa uso uliokunjwa na maneno machache makali. Alipofika Kinshasa alikuja na mbwa wake mkubwa, wa aina ileile ambayo askari wa Wabelgiji walikuwa wakiitumia zamani kuwatisha watu. Wenyeji walipomwona mbwa huyo, mioyo yao ikamwelekea Ali. Sidhani kwamba Foreman alikusudia kuwatukana. Lakini mtu aliyezoea kusifiwa hakumbuki kuuliza wenye nyumba wanachukia nini. Na baada ya kushindwa alisema kamba za ulingo zilikuwa zimelegea. Alisema pia maji yake yalitiwa dawa. Tazameni hapo: mtu mwenye nguvu za kumwangusha dume la ng'ombe hakuwa na nguvu za kusema, "Nimeshindwa."

Tufikiri sababu yake. Mkulima hutajirika polepole, huku ukoo wote ukimwangalia. Akinunua mbuzi wa pili, mjomba wake humwuliza ametoka wapi. Mpiganaji au mchezaji mpira hupewa kwa siku moja, naye bado kijana, fedha ambayo kijiji kizima hakingeipata kwa miaka mia. Wanaomzunguka hula mkononi mwake, na anayekula mkononi mwa mtu hamwambii mtu huyo kwamba amekosa. Tena mwili wake huchoka upesi. Akifika miaka 35, wengi husema ni mzee, lakini desturi ya kutumia fedha haizeeki. Mike Tyson alikuwa bingwa mwaka 1986, naye ana miaka 20 tu. Alipokea katika maisha yake ya ngumi zaidi ya dola milioni 300. Mwaka 1992 alihukumiwa kwa kosa la kumnajisi msichana, akafungwa gerezani. Mwaka 2003 alikwenda mahakamani kutangaza kwamba hawezi kulipa madeni yake.

Turudi kwa Foreman. Mwezi wa Machi 1977, huko Puerto Rico, alishindwa tena, na mtu aitwaye Jimmy Young. Katika chumba cha kuvalia akaona kama anakufa. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi ya kuwa saa ile alimwahidia Mungu fedha kwa ajili ya maskini, akatambua moyoni mwake kwamba Mungu hakutaka fedha yake, alimtaka yeye. Wapenzi, fikirini ahadi hiyo. Hata mlangoni pa kifo, tajiri hushika mfuko kwanza! Ndivyo alivyokuwa yule tajiri katika mfano wa Bwana wetu Yezu Kristu, aliyekusudia kujenga ghala kubwa, na usiku uleule roho yake ikadaiwa.

Foreman akaacha ngumi miaka 10, akawa mhubiri. Hakuwa wa Kanisa Katoliki, lakini hilo halitukatazi kuona jema alilotenda: alifungua mjini Houston nyumba ya kuwalea vijana. Fedha ilipopungua, alirudi ulingoni mwaka 1987, naye akiwa mnene, akicheka na kila mtu. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimshinda Michael Moorer, akawa bingwa tena, amevaa kaptura nyekundu ileile ya Kinshasa. Mara akapiga magoti katika kona yake, akasali. Alikufa tarehe 21 Machi 2025.

Msisifu kila jambo lake, maana alifunga ndoa mara 5. Na wana wake 5 wa kiume wote aliwapa jina moja, George. Kama ni upendo au ni majivuno yaliyosalia, mimi sihukumu.

Maulizo ya kuzungumza na katekista wenu kabla ya Jumapili: Kwa nini Foreman alimwahidia Mungu fedha kwanza? Nani alipaswa kumwambia juu ya yule mbwa? Mwanao akichaguliwa na timu ya mjini, akaleta nyumbani fedha kuliko baba yake, ni nani katika ukoo wenu atakayethubutu kumwambia, "Hapana"?