Kumpeleka Paka Mgeni kwa Daktari wa Mifugo

Paka wa Mji wa Kale wa Mombasa huishi baina ya nyumba na njia, wakila vichwa vya samaki na makombo katika vichochoro vya Kibokoni na Ndia Kuu, hata kaya inayomchukua mmoja wao ikadhani kwamba inamjua vya kutosha na haina haja ya daktari. Dhana hiyo hutiliwa nguvu na hukumu ya fiqhi ya Kishafii, ifuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, kwamba paka si najisi. Lakini hukumu hiyo inahusu ibada, wala haisemi iwapo mnyama amebeba minyoo, viroboto au maradhi.

Maradhi ya kutangulizwa ni kichaa cha mbwa, ambacho licha ya jina lake humpata paka pia, aghalabu kwa kuumwa na mbwa mgonjwa, kisha humwingia binadamu kwa mate yanayogusa jeraha. Kilithibitishwa Kenya mwaka 1912, na bado kinaua. Kwa kuwa virusi vyake huweza kukaa mwilini wiki kadhaa au hata miezi bila dalili, uchangamfu wa paka si ushahidi wa uzima wake. Na dalili zikishamdhihirikia mtu, ni nadra mno kupona. Paka huchanjwa akitimiza miezi mitatu, chanjo hurudiwa baada ya mwaka, na cheti huwekwa pamoja na karatasi muhimu za nyumba. Aliyeumwa, hasa mtoto, huoshwa jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili (mfereji ukiwa mkavu, kama ilivyo kawaida kisiwani, maji ya mtungi yamiminwe kwa kata), kisha hupelekwa bila kuchelewa katika kituo cha afya chenye chanjo ya binadamu.

Daktari anayefaa ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011; na ofisi ya mifugo ya kaunti huweza kumwelekeza mwenye kaya. Paka huchukuliwa ndani ya kapu lenye kifuniko lililotandikwa kitambaa, kwani akipakatwa tu, honi moja ya tuktuk yatosha kumfanya aparue na kutoroka. Daktari hukadiria umri kwa meno, hutazama masikio kama yana utitiri, yaani wadudu wadogo mno wanaowasha, hutoa dawa ya minyoo na viroboto, na hupanga siku ya kuhasi, operesheni ya kuondoa uwezo wa kuzaa, inayofaa hasa kwa jike kwa kuwa mimba yake huchukua takriban miezi miwili tu.

Penye mjamzito, kinyesi cha paka hushughulikiwa na mtu mwingine, tena kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Dawa za binadamu hazimfai paka kamwe: ini lake haliwezi kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja huweza kumuua.