SOMO LA AFYA: MSHIPA UKISHATENGENEZWA, PRESHA BADO INAHITAJI MATUNZO



Katika somo la robo hii tunagusa jambo ambalo kamati nyingi za parokia hukutana nalo baada ya mchango mkubwa. Mgonjwa amefanyiwa upasuaji, amerudi nyumbani salama, tumemshukuru Mungu, na daftari la michango limefungwa. Je, kazi imekwisha? Tutatumia mfano wa upasuaji wa aota, kwa kuwa unaonyesha wazi kwa nini jibu ni hapana.

Aota na uvimbe wake

Aota ndiyo ateri kubwa kuliko zote mwilini. Hutoka kwenye moyo, hupinda kifuani, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na usawa wa kitovu, ambako hugawanyika kuelekea miguu yote miwili. Kwa mtu mzima, sehemu ya tumboni huwa na upana wa takriban sentimita 2. Ukuta wake ukidhoofika, hutuna kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Ukifikia sentimita 3, madaktari huuita uvimbe wa aota. Uvutaji wa sigara, umri mkubwa, shinikizo la damu na kuwa na ndugu wa damu mwenye tatizo hilo huongeza hatari.

Mara nyingi uvimbe huu hauumi. Hatari yake ni kupasuka, na zaidi ya nusu ya wanaopasukiwa hufariki. Ndiyo maana upasuaji hushauriwa mapema, kwa kawaida uvimbe wa tumboni unapofika sentimita 5.5 kwa wanaume na 5 kwa wanawake.

Unavyotengenezwa

Mwaka 1951 huko Paris, daktari Charles Dubost aliondoa uvimbe wa aota ya tumboni na kuweka mahali pake kipande cha mshipa kutoka kwa mtu aliyefariki. Katika miaka hiyo ya 1950, Michael DeBakey wa Houston, Marekani, alishona mishipa bandia ya kitambaa cha Dacron kwa cherehani ya mkewe. Kitambaa hicho kinatumika mpaka leo. Mwaka 1990, Juan Parodi wa Buenos Aires, Argentina, alipitisha mshipa bandia kwenye ateri ya kinena bila kufungua tumbo. Siku hizi njia zote mbili hutumika.

DeBakey mwenyewe alichanika aota mwishoni mwa mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 97. Aliwekewa mshipa wa Dacron mwaka 2006, akaishi hadi 2008. Basi tusiuogope upasuaji huu. Unaokoa maisha.

Kinachobadilika baada ya hapo

Aota yenye afya si bomba tu. Moyo unaposukuma, aota hutanuka na kuweka akiba ya damu. Moyo unapopumzika, aota hujirudi kama mpira wa manati na kuisukuma akiba hiyo mbele. Hivyo damu haikatiki kati ya pigo na pigo, na moyo haubebi mzigo peke yake.

Mshipa bandia hautanuki kiasi hicho. Ni kama kukata tyubu na kuunga bomba la plastiki katikati yake. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba baada ya matengenezo, wimbi la mapigo husafiri kwa kasi zaidi, na hiyo ni dalili ya ateri kuwa ngumu. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2013 ulitaja kasi inayozidi mita 10 kwa sekunde kuwa ishara ya hatari. Sehemu ya wimbi hilo hugonga penye maungio na matawi, kisha hurudi mapema wakati moyo bado unasukuma.

Matokeo yake, namba ya juu ya presha huelekea kupanda, na ya chini huweza kushuka. Mtu mwenye 120/80 ana tofauti ya 40. Mwenye 150/70 ana tofauti ya 80. Tofauti kubwa namna hii huuchosha moyo, na ukuta wake wa kushoto huweza kunenepa. Mzigo huwa mkubwa zaidi mshipa bandia ukiwekwa kifuani, karibu na moyo.

Wagonjwa hawalingani, na wengi walikuwa na presha na ateri ngumu hata kabla ya upasuaji. La kukumbuka ni hili: upasuaji huzuia uvimbe usipasuke, lakini hautibu presha.

Yanayoihusu kamati

1. Bajeti ya mchango iwe na fungu la dawa za presha na nauli ya kliniki, si gharama za hospitali pekee.

2. Presha ipimwe mara kwa mara. Mgonjwa aketi na kutulia dakika 5, mkono uegemezwe usawa wa moyo, apimwe mara mbili, na namba zote mbili ziandikwe.

3. Asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri, wala kwa kusikia kwamba namba ya chini imeshuka na kudhani ana "presha ya kushuka". Akipata kizunguzungu arudi kwa daktari.

4. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Sigara aiache kabisa.

5. Aliyewekewa mshipa kupitia kinena anahitaji kupigwa picha kila anapopangiwa, maana damu huweza kuvuja pembeni ya mshipa bandia.

6. Maumivu makali ya ghafla ya tumbo, mgongo au kifua, au kuzimia, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Neno kwa wafadhili

Tunajua kwamba ni rahisi kuchangia upasuaji kuliko kuchangia vidonge. Upasuaji una siku yake na picha yake. Vidonge ni vya kila mwezi. Lakini Msamaria mwema (Luka 10:30-37) hakuishia kufunga majeraha. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha za kumtunza majeruhi, na akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Tunawaomba mchango wenu ufike mpaka hapo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

- Katika parokia yetu, nani amerudi kutoka upasuaji mwaka huu, na nani anampima presha?
- Dawa zake zikiisha, anazipata wapi na kwa fedha za nani?
- Katika mchango ujao, tutatenga kiasi gani kwa ajili ya matunzo ya nyumbani?