Mzizi wa jino la mtoto: tupa ya mkono au ya mashine?

Mzazi akifika kwangu na mtoto ambaye hajalala usiku mbili, shavu limevimba, neno la kwanza huwa ni "Daktari, ling'oe tu." Maswali haya hufuata tukishakaa.

*Jino la utotoni litang'oka lenyewe. Kwa nini tuhangaike na mizizi yake?*

Inategemea ni jino lipi na mtoto ana umri gani. Jino la mbele la mtoto wa miaka 6 limekaribia kuaga. Gego la pili la utotoni, hata hivyo, hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Ukiling'oa mtoto akiwa na miaka 5, gego la kwanza la ukubwani, linaloota nyuma yake akikaribia miaka 6, linaweza kusogea mbele na kukalia nafasi. Jino lililokuwa lirithi mahali pale huota kombo au hukwama ndani ya mfupa. Jino lililobomoka kiasi cha kutoshika kofia ya kulifunika, au ambalo mzizi wake umekwisha kuliwa sana, hilo nang'oa bila kusita.

*Kazi yenyewe ya kusafisha mizizi inatofautianaje na ya mtu mzima?*

Mizizi ya magego ya mtoto ni myembamba, imejipinda na kutanuka kama miguu ya kigoda, kwa sababu katikati yake jino la ukubwani linakua. Wakati wa kung'oka ukikaribia, mizizi hiyo huyeyuka kidogo kidogo kuanzia nchani. Tupa, yaani chombo cha kusafishia ndani ya mzizi, ikipita urefu wa mzizi inaweza kulijeruhi jino hilo lililo chini, kwa hiyo tunasimama milimita 1 hadi 2 kabla ya ncha inayoonekana kwenye picha ya eksrei. Hata dawa ya kujazia lazima iweze kuyeyuka pamoja na mzizi. Mojawapo ni unga wa zinki oksidi uliokandwa na yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu. Ndiyo harufu ile inayokupokea mlangoni, na aliyekulia Pemba huitambua mara moja.

*Tupa ya mkono na ya mashine zina tofauti gani?*

Ya mkono ni kijiti chembamba cha chuma kisichoshika kutu, chenye makali yaliyojisokota. Unaingiza, unazungusha kidogo, unavuta, unaosha, kisha unapanda namba: 15, 20, 25, 30. Vidole huhisi kila kona, lakini kazi ni ndefu. Ya mashine ni ya aloi ya nikeli na titani, hupinda ikafuata mzizi, na mota ndiyo inayoizungusha. Mtafiti Barr na wenzake waliandika kuhusu kuitumia kwenye meno ya utotoni mwaka 2000. Kwa miaka mingi tuliazima tupa za watu wazima, za milimita 21 au 25, ambazo kinywa kidogo hakiwezi kuzipokea vizuri. Sasa kuna fupi za watoto; Kedo-S, kutoka India, ina milimita 16.

*Ipi inasafisha vizuri zaidi?*

Watafiti wana jaribio zuri la kulipima hili. Huchukua meno yaliyong'olewa, wakajaza wino kwenye mizizi, wakaisafisha kwa tupa, kisha wakalilainisha jino kwa asidi na kulipitisha kwenye dawa mpaka likawa angavu kama kioo. Wino uliosalia unaonekana wazi. Matokeo hayakubaliani yote: mara mashine inashinda, mara zinalingana, na sehemu ya chini karibu na ncha huzisumbua zote mbili. Palipo na ushindi wa wazi ni muda. Mashine humaliza mapema zaidi, na kwa mtoto wa miaka 4 aliyepanua kinywa huku machozi yanamtoka, dakika hizo ni rehema. Upande wa pili, ina gharama, inaweza kukatikia ndani, na isipotumiwa kwa uangalifu hupunguza kuta ambazo tayari ni nyembamba. Mimi huanza na ya mkono ili niijue njia, ndipo nawasha mota.

Lakini wazazi, na hata sisi madaktari, tunabishana sana kuhusu tupa na kusahau maji. Magego haya yana vijia vya pembeni visivyoguswa na tupa yoyote. Kinachofika huko ni dawa ya kuoshea, hasa hipokloriti ya sodiamu, jamii ya ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo huua bakteria na kuyeyusha nyama iliyooza. Huingizwa taratibu, bila kusukumwa kwa nguvu, jino likiwa limetengwa na kinywa kwa mpira mwembamba. Ukikaa kitini, uliza mwanao ataoshwa kwa dawa gani.

*Je, wanaoweka dawa tu bila tupa?*

Njia hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Niigata, Japani: mchanganyiko wa antibiotiki tatu huwekwa ndani na jino hufungwa. Naitumia kwa jino ambalo mizizi yake imeanza kuliwa na linalohitajika kwa miezi michache tu.

*Baada ya hapo?*

Kofia ya chuma, siku ile ile ikiwezekana. Jino lililozibwa juu juu hupasuka au huvuja, na bakteria hurudi kwenye mzizi uliohangaikiwa saa nzima. Baada ya miezi 6 mrudishe tupige picha nyingine. Ukiona kipele chenye usaha kwenye ufizi, usingoje tarehe hiyo, hata kama mtoto hasikii maumivu.