SOMO: LESENI YA UDEREVA NI SHILINGI NGAPI?

Kahawa ikishauzwa, wazazi wengi wa Muleba na Bukoba huletewa ombi hili: "Baba, nipe elfu sabini nikachukue leseni." Mzee anatoa. Baada ya wiki mbili kijana amerudi. Pesa zimekwisha, leseni hana. Je, amezitafuna? Pengine hapana. Hesabu ilikosewa tangu nyumbani.

Hiyo elfu sabini ni ada ya leseni yenyewe tu. Kabla ya bajeti ya mwaka 2019 ada ilikuwa Sh. 40,000 kwa miaka 3. Bajeti hiyo ikaifanya Sh. 70,000 kwa miaka 5. Hebu tugawanye. 40,000 kwa 3 ni kama 13,300 kwa mwaka. 70,000 kwa 5 ni 14,000. Tofauti haifiki hata 1,000 kwa mwaka. Lakini mkulima halipi kidogo kidogo. Anatoa zote siku moja, na hapo ndipo panapouma.

Mtu anayeanza husoma shule ya udereva akiwa na leseni ya kujifunzia, halafu hujaribiwa na polisi wa usalama barabarani. Ndipo TRA humpa leseni. Anatakiwa pia awe na namba ya mlipakodi, yaani TIN. Namba hii hutolewa bure. Mtu akikudai pesa ya TIN, mwulize ni ya nini.

Tuchukue mfano wa kijana wa Nshamba anayesomea Bukoba mjini. Anakaa kwa shangazi yake. Bei hizi, ukiacha ada ya leseni, ni za kujifunzia hesabu tu:

Ada ya shule: 150,000
Leseni ya kujifunzia na jaribio: 13,000
Nauli, safari 4 kwenda na kurudi: 40,000
Chakula njiani: 12,000
Leseni: 70,000
Jumla: Sh. 285,000

Umeona? Elfu sabini haifiki robo ya jumla. Tena hatujahesabu siku ambazo kibanja kimekosa jembe lake, wala sukari ya shangazi. Akishindwa jaribio, nauli inaanza upya.

Kijana akiishiwa katikati, ndipo kishoka anapomfuata: "Nipe laki mbili, shule ya nini?" Huyo mkimbie. Leseni isiyojulikana TRA ni karatasi tu, na siku ya ajali itajulikana. Pesa ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu. Usimpe mtu mkononi, na risiti itunze.

Jambo jingine: sema mapema unataka kuendesha nini. Daraja la pikipiki si la gari. Wapo waliojaribiwa pikipiki huku wameshaahidiwa kazi ya gari.

ZOEZI
1. Uliza ada katika shule mbili za udereva. Andika zote.
2. Uliza TRA ada za mwaka huu, maana bajeti huweza kuzibadili.
3. Andika nauli ya kutoka kijijini kwako, kwenda na kurudi, mara 4.
4. Jumlisha. Je, kahawa ya msimu huu inatosha, au msubiri msimu ujao?