SOMO: KIATU CHA KUINGILIA BAHARINI NA NAMNA YA KUKICHAGUA

Mkaazi wa Kolo, wilayani Kondoa, anaijua thamani ya kiatu kigumu. Kijiji hicho kipo kaskazini ya mji wa Kondoa, katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Arusha, na vilima vyake vina michoro ya kale ya miambani ambayo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kupanda vilima hivyo kunahitaji kiatu kikavu chenye soli ya kushika mawe. Hata hivyo, mtu huyo huyo akishuka Paje au Jambiani, katika pwani ya mashariki ya Unguja, kiatu chake cha bara hakimfai tena. Kikiingia maji huwa kizito, hushika mchanga na huchubua kisigino.

Pwani hiyo hutumiwa na watu wa aina nyingi. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, huteremka maji yanapotoka, hasa wakati wa bamvua. Wageni na vijana hucheza mchezo wa kuteleza majini kwa tiara wakati wa pepo za kusi na kaskazi. Wote hao hukanyaga sakafu moja, yenye mawe makali, wanyama wenye miiba mirefu myeusi, taa mwenye mwiba mkiani, na samaki afananaye na jiwe ambaye miiba ya mgongo wake ina sumu kali.

Kiatu kilichokusudiwa kazi hiyo hutengenezwa kwa neopreni, mpira uliovumbuliwa Marekani na kutangazwa mwaka 1931. Mpira huo hutiwa vipovu vidogo vya gesi ambavyo huzuia joto la mwili lisipotee. Ni vyema ifahamike kwamba kiatu hiki hakizuii maji kuingia. Maji machache huingia, yakabaki baina ya ngozi na mpira, na mwili huyapasha joto. Kwa sababu hiyo kiatu kikilegea, maji hutoka na kuingia ovyo, na faida yake hupotea.

Anayetaka kununua azingatie mambo yafuatayo:

Kwanza, unene. Viatu hivi huuzwa kwa unene wa milimita 3, 5, 7 na mfano wa hayo. Unene mkubwa ni wa bahari za baridi. Bahari ya Zanzibar ina joto, hivyo milimita 3 au pungufu zinatosha. Fedha iliyosalia itumike kutafuta soli bora.

Pili, soli. Iwe ya mpira mgumu, yenye mikato ya kuzuia kuteleza, na ipande kidogo pembeni mwa vidole na kisigino. Soli laini kama soksi hufaa kwenye mchanga mtupu, lakini haifai penye miamba.

Tatu, kipimo. Kiatu kibane mguu bila ya kuuumiza. Vidole vifike mbele bila ya kujikunja, na kisigino kisiinuke mtu anapotembea. Anayetumia mapezi ya mpira aende nayo dukani, ajaribu vyote pamoja.

Nne, urefu. Kiatu kinachofunika kifundo cha mguu huzuia mchanga na mikwaruzo zaidi kuliko kifupi.

Tano, kiatu cha mtumba kikunjwe na kukaguliwa mishono na gundi ya soli kabla ya kulipiwa.

Asiyekuwa na uwezo wa kununua kiatu hicho anaweza kuvaa raba nzee yenye soli nene, iliyofungwa kamba barabara, pamoja na soksi. Kandambili huchopoka matopeni. Buti refu la mvua hujaa maji, likamlemea mvaaji na kumhatarisha maji yakiwa mengi.

Inasisitizwa kwamba hakuna kiatu kinachokinga kila dhara. Miiba mikali huweza kupenya mpira. Aliyechomwa na samaki mwenye sumu atolewe majini upesi, mguu utiwe katika maji ya moto kwa kiasi anachoweza kustahamili bila ya kuungua, kisha apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Aidha, kwa vile maji huingia ndani yake, viatu hivi si kinga ya kichocho kwa wanaoingia katika maziwa na malambo yenye konokono wa maradhi hayo.

Baada ya kutumika, kiatu kioshwe kwa maji ya mvua au ya mfereji, kipinduliwe na kukaushwa kivulini, kwani jua kali huuchakaza mpira. Kiatu kinachovaliwa kikiwa kibichi kila siku hukaribisha fangasi baina ya vidole.

Mwisho, wenye viatu imara wasidhani kwamba wamepewa ruhusa ya kukanyaga matumbawe. Tumbawe ni kiumbe hai, hukua polepole sana, na ndilo maskani ya samaki wanaolisha visiwa hivi. Kiatu ni cha kumlinda mtu na bahari. Mwendo wake mwema ndio wa kuilinda bahari na mtu.

Kinga ni bora kuliko tiba.