Somo la Video Nyumbani Kijijini: Mwongozo kwa Mafundi na Wasimamizi wa Masomo, Bukavu

Mwongozo huu ni wa mafundi, wasaidizi wa walimu na wasimamizi wa masomo wa Bukavu wanaowatayarishia wanafunzi wa Walungu, Kabare, Kalehe na Idjwi njia ya kufuata somo wakiwa nyumbani. Kazi yetu ni kuhakikisha mwanafunzi anamsikia mwalimu mwanzo hadi mwisho. Picha ije baadaye.

Mtandao upimwe kabla ya kununua chochote. Zijaribiwe kadi za Airtel, Orange na Vodacom ndani ya nyumba yenyewe, saa ileile ya somo, maana mtandao mzuri wa alfajiri huweza kulemewa jioni. Milima huficha minara, na mabati huzuia mawimbi; modemu ikae dirishani, upande wa mnara. Wanaoishi kando ya ziwa au karibu na mto Ruzizi wachague kampuni yao wenyewe kwenye mipangilio ya simu. Simu ikiachwa ijichagulie, huweza kunasa mnara wa Rwanda, na salio likaisha kwa bei ya ugenini.

Umeme hukatika hata mjini, ingawa mitambo ya Ruzizi I na II iko jirani. Vijijini nyumba nyingi hazina kabisa. Modemu nyingi hutumia volti 12, hivyo huweza kuendeshwa na betri ya sola bila inveta. Fundi asome kwanza maandishi ya adapta. Betri inapochajiwa hupita volti 14, kwa hiyo kifaa cha kutuliza volti kiwekwe katikati, pamoja na fyuzi.

Sasa gharama. Saa moja ya somo la kikundi lenye picha huweza kula megabaiti 500 au zaidi. Sauti tupu kwa kawaida haifiki 100. Kumlazimisha mwanafunzi awashe kamera ili ahesabiwe yupo ni kuitoza familia yake pesa ambayo huenda ni ya chumvi na sabuni. Tusikubali sharti hilo. Mahudhurio yachukuliwe kwa sauti au kwa ujumbe mfupi.

Mwanafunzi apewe visikilizi vyenye kipaza sauti. Mvua ikipiga mabati, spika ya simu haifai kitu, na msimu wa mvua huku huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Inapowezekana, masomo yawe asubuhi, kabla mvua haijaanza.

Ratiba itokayo Kinshasa isomwe kwa makini: saa 2 asubuhi ya kule ni saa 3 ya Bukavu.

Siku moja kabla, mwanafunzi atumiwe maandishi ya somo kwa WhatsApp, yakiwa mepesi, bila picha nzito. Kisha lifanyike jaribio la dakika chache, na katikati yake fundi akate mtandao makusudi. Mwanafunzi arudi darasani mwenyewe, bila kusaidiwa. Akishindwa, aonyeshwe tena palepale, na namba ya simu ya msimamizi iandikwe kwenye daftari lake.